Frederick Taylor: Aliyetafuta kasi ya kisu cha chuma kwa miaka 26

MKULIMA wa alizeti wa Hombolo ambaye shafti ya mashine yake ya kukamua mafuta imelika, hana budi kuifungua, kuipakia kwenye gari na kwenda nayo Dodoma mjini kwa fundi wa kukereza vyuma. Wakati fundi anakereza, mashine imesimama na wateja wanakwenda kwa jirani.

Kwa hiyo maswali ya mkulima huyo ni mawili tu: kazi itachukua muda gani, na itagharimu shilingi ngapi.

Maswali hayo yanaonekana madogo. Hata hivyo, yupo Mmarekani mmoja aliyetumia miaka 26 ya maisha yake kuyatafutia majibu ya uhakika, akakata zaidi ya tani 360 za chuma na kuzigeuza maranda kwa ajili ya majaribio peke yake.

Huyo ni Frederick Winslow Taylor, aliyefariki dunia mwaka 1915. Wasomi wa biashara wanamfahamu kama baba wa usimamizi wa kazi kwa kupima. Mafundi vyuma wanamfahamu, au wangepaswa kumfahamu, kama mtu aliyegundua kanuni inayoeleza kisu cha kukatia chuma kitadumu muda gani kabla ya kuhitaji kunolewa.

Kanuni hiyo bado inatumika, hata kwa metali ngumu kukatwa ambazo Taylor hakuwahi kuzishika, kama vile aloi za titaniamu zinazotengenezewa injini za ndege.

Mtoto wa tajiri aingia karakana

Taylor alizaliwa Machi 20, 1856 katika kitongoji cha Germantown, Philadelphia, nchini Marekani. Baba yake alikuwa mwanasheria mwenye mali. Mama yake, Emily, alikuwa miongoni mwa wanawake waliopiga vita utumwa.

Wazazi walitaka kijana wao awe mwanasheria. Alifaulu mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Harvard, lakini macho yalimsumbua na hakwenda. Badala yake, mwaka 1874 alianza kujifunza ufundi katika kiwanda kidogo cha pampu mjini Philadelphia. Huko alijifunza kuchonga mifano ya mbao ya kusubia vyuma, na kukereza.

Mwaka 1878 aliajiriwa kama kibarua katika kiwanda cha chuma cha pua cha Midvale. Hakukaa chini muda mrefu. Alipewa mashine ya kukereza, akawa kiongozi wa kikundi, kisha msimamizi wa karakana, na ndani ya miaka michache akawa mhandisi mkuu.

Usiku alisoma. Mwaka 1883 alipata shahada ya uhandisi wa mitambo katika chuo cha Stevens. Katikati ya yote hayo alipata pia muda wa michezo, kwani mwaka 1881 yeye na mwenzake walikuwa mabingwa wa Marekani wa tenisi ya wachezaji wawili wawili. Mwaka 1884 alimwoa Louise Spooner.

Ugomvi uliozaa utafiti

Alipokuwa kiongozi wa kikundi, Taylor aliingia katika mgogoro mkali na mafundi waliokuwa jana wenzake. Yeye alitaka kazi zaidi kwa siku. Wao walikataa, kwa sababu walijua kuwa wakiongeza kazi, malipo ya kila kipande yangepunguzwa. Ugomvi huo uliendelea kwa takriban miaka mitatu.

Katika ugomvi huo Taylor aliona jambo ambalo wengi hawakuliona. Pande zote mbili zilikuwa zinabishana gizani. Bosi alikisia kazi ichukue muda gani. Fundi alijua kwa uzoefu wa mikono yake, lakini hakusema. Wala hapakuwa na kitabu ambacho mtu angeweza kukifungua na kuona kasi inayofaa kwa chuma cha aina fulani na kisu cha aina fulani.

Mwaka 1880 aliomba ruhusa kwa rais wa kampuni, William Sellers, afanye majaribio ya kukata chuma. Sellers, ambaye mwenyewe alikuwa mtengenezaji maarufu wa mashine, alikubali. Taylor alidhani kazi hiyo ingechukua miezi sita.

Ilichukua miaka 26. Yalifanyika majaribio kati ya 30,000 na 50,000 yaliyoandikwa kwa makini, katika viwanda mbalimbali, kwa gharama ya dola za Marekani kati ya 150,000 na 200,000 za wakati ule.

Maji, unene wa maranda na kisu cha duara

Majaribio ya kwanza yalifanyika katika mashine kubwa ya inchi 66, na chuma kilichokatwa kilikuwa kanda ngumu za magurudumu ya vichwa vya treni. Taylor alizichagua kwa sababu ugumu wake ulikuwa sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakutaka chuma kibadilike wakati anapima kisu.

Utaratibu wake ulikuwa kubadilisha kitu kimoja na kuacha vingine vyote vilevile. Wakulima wa Hombolo, ambako kuna kituo cha utafiti wa mtama na uwele, wanaufahamu utaratibu huu. Anayetaka kujua mbegu ipi ni bora hazipandi mbegu mbili katika udongo tofauti, kwa nafasi tofauti na mbolea tofauti, kisha akalinganisha mavuno. Akifanya hivyo hatajua kilicholeta tofauti.

Katika kukata chuma, Taylor alihesabu mambo 12 yanayoathiri kasi. Miongoni mwake ni ugumu wa chuma, kina cha kukata, unene wa maranda, umbo la ncha ya kisu, chuma kilichotengenezea kisu, maji ya kupoozea, na nguvu ya mashine yenyewe.

Majibu yalianza kuja mapema. Mwaka 1881 aligundua kuwa kisu chenye ncha ya duara hustahimili kasi kubwa kuliko kisu chenye ncha kali ya pembe. Mwaka huohuo aligundua pia kuwa fundi anayekata maranda manene kwa kasi ndogo huondoa chuma kingi kwa siku kuliko anayekata maranda membamba kwa kasi kubwa. Mashine inayovuma kwa nguvu si lazima iwe ndiyo inayofanya kazi nyingi.

Mwaka 1883 ikaja zamu ya maji. Alipomwaga maji mengi mahali hasa ambapo maranda yanachomoka, kasi iliweza kuongezwa kwa asilimia 30 hadi 40 bila kisu kuharibika haraka. Karakana mpya ya Midvale iliyojengwa mwaka 1884 iliwekewa maji katika kila mashine. Jambo hilo halikufichwa, lakini viwanda vingine vilichukua miaka mingi kuliiga.

Sababu ya yote hayo ni joto. Kisu hakiishi makali kwa kusuguliwa tu. Kinapokata, joto hujikusanya kwenye ncha, chuma cha kisu kinalainika, na ncha inakufa.

Chuma kilichochomwa kupita kiasi

Mwaka 1898 Taylor alikwenda kufanya kazi katika kampuni ya chuma ya Bethlehem, Pennsylvania. Huko alishirikiana na mtaalamu wa metali aliyeitwa Maunsel White.

Kwa wahunzi wote wa wakati ule, ilikuwa kanuni kwamba kisu kikipata moto kupita wekundu fulani kimeharibika. Taylor na White walichukua visu vyenye tangsteni na kromiamu, wakavipasha joto hatua kwa hatua wakipima kila hatua. Kama ilivyotarajiwa, joto lilipozidi kiwango kile kinachojulikana, visu viliharibika.

Lakini hawakuishia hapo. Walipoendelea kuongeza joto hadi karibu na kuyeyuka, visu vilirudi kuwa imara, na vikawa imara kuliko vilivyopata kuonekana. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa chuma cha kasi, ambacho hadi leo ndicho kinachotengenezewa keekee nyingi zinazouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi.

Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, wahandisi kutoka nchi nyingi walishuhudia kisu kinakata chuma huku ncha yake ikiwa nyekundu kwa joto na maranda yakitoka ya buluu, na hakikuharibika. Kasi ya kukata iliongezeka mara mbili na zaidi.

Utajiri wa ugunduzi huo haukudumu kama visu vyenyewe. Bethlehem ilimwachisha kazi Taylor mwaka 1901, na mwaka 1909 mahakama ya Marekani ilibatilisha hataza za ugunduzi huo. Viwanda vingine vikawa huru kuutumia bila kulipa.

Kanuni ya kisu

Desemba 1906, akiwa rais wa chama cha wahandisi wa mitambo wa Marekani, Taylor alitoa hadharani matokeo yote. Kiini chake ni kanuni moja inayounganisha kasi ya kukata na muda ambao kisu kinadumu.

Kwa visu vya chuma cha kasi alivyovipima, kanuni hiyo ina maana ambayo kila mwenye mashine anapaswa kuielewa. Tuseme kisu kinadumu dakika 60 kikikata mita 20 za chuma kwa dakika. Fundi akiongeza kasi hadi mita 22, yaani asilimia 10 tu, kisu kitadumu dakika 28. Akifika mita 24, kitadumu dakika 14. Akithubutu kuzidisha kasi mara mbili, hadi mita 40, kisu kitakufa ndani ya sekunde 14.

Kwa upande mwingine, akipunguza hadi mita 18, kisu kitadumu zaidi ya saa mbili. Lakini hapo kazi inachelewa na mteja anaondoka.

Waswahili wana methali mbili zinazopingana. Moja inasema haraka haraka haina baraka. Nyingine inasema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Zote mbili ni za kweli, ila hakuna inayosema haraka ni kiasi gani na kuchelewa ni kiasi gani. Taylor alifanya kazi ya kutafuta mahali hasa penye faida kati ya methali hizo mbili.

Hesabu yake ilijumuisha bei ya kisu, gharama ya kukinoa, muda wa kukifungua na kukifunga upya, na hasara ya mashine kusimama. Kasi inayofaa si ile kubwa kuliko zote, wala si ile inayotunza kisu kuliko zote. Ni ile ambayo jumla ya gharama hizo kwa kila kipande ni ndogo.

Kwa kuwa fundi hawezi kukaa na hesabu za mambo 12, mtaalamu wa hisabati Carl Barth alimtengenezea Taylor rula maalumu ya kuteleza. Fundi alisogeza rula, akapata kasi na unene wa maranda katika muda mfupi. Elimu iliyogharimu miaka 26 ikawa kifaa cha kushika mkononi.

Alipogeukia watu

Kama Taylor angeishia kwenye visu, huenda leo angekuwa anasifiwa na wote. Lakini aliamini kuwa kazi ya binadamu nayo inaweza kupimwa kwa utaratibu uleule, kwa kutumia saa ya mkononi ya kupimia sekunde.

Baadhi ya aliyoyapata yalikuwa na manufaa ya wazi. Pale Bethlehem alipima wafanyakazi wanaopakia kwa beleshi, akaona mtu hufanya kazi nyingi kwa siku kama kila beleshi inabeba karibu kilo 9.5. Kwa hiyo ilitakiwa beleshi kubwa kwa vitu vyepesi na dogo kwa vitu vizito. Anayepakia samadi na anayepakia kokoto kwa beleshi moja, mmojawapo anapoteza nguvu zake bure.

Mengine yalileta uchungu. Taylor alieleza jinsi kibarua mmoja aliyebeba mikuo ya chuma alivyotolewa kwenye tani 12.5 kwa siku na kufikishwa tani 47.5. Ujira wake ulipanda kutoka dola 1.15 hadi dola 1.85. Kwa maneno mengine, kazi iliongezeka karibu mara nne, na malipo yakaongezeka kwa asilimia 60 tu.

Taylor mwenyewe alikubali kwamba ni mtu mmoja kati ya wanane aliyeweza kazi ya kiasi hicho. Watafiti wa baadaye wameonyesha kuwa hata simulizi lenyewe lilitiwa chumvi.

Hapa ndipo penye utata wa maisha ya mtu huyu. Aliyeonyesha kwamba kuongeza kasi ya kisu kwa asilimia 10 kunapunguza maisha yake kwa zaidi ya nusu, hakupima kwa makini yaleyale mwili wa mtu unaosukumwa siku baada ya siku. Visu vilipoungua aliandika kwenye daftari. Watu waliposhindwa waliondolewa, wakawekwa wengine.

Mwaka 1911 alichapisha kitabu chake kuhusu misingi ya usimamizi wa kisayansi. Agosti mwaka huohuo mafundi wasubu wa kiwanda cha silaha cha jeshi huko Watertown, Massachusetts, waligoma baada ya mwenzao aliyekataa kupimwa kwa saa kufukuzwa kazi. Bunge la Marekani likaunda kamati, na mwanzoni mwa mwaka 1912 Taylor alihojiwa kwa muda mrefu.

Machi 1915 Bunge lilizuia fedha za jeshi kutumika kulipia upimaji wa wafanyakazi kwa saa. Mwezi huohuo, Machi 21, siku moja baada ya kutimiza miaka 59, Taylor alifariki dunia kwa nimonia mjini Philadelphia.

Miaka yake ya mwisho aliitumia nyumbani kwake akifanya majaribio ya udongo na nyasi za viwanja vya gofu. Alichanganya tabaka za udongo kwa vipimo na kuangalia mchanganyiko upi unaotunza unyevu. Tabia ya kupima haikumtoka.

Titaniamu yathibitisha kanuni

Mwaka 1910, Taylor akiwa bado hai, mtaalamu Matthew Hunter alifanikiwa kupata titaniamu safi nchini Marekani. Lakini ni baada ya William Kroll, mzaliwa wa Luxembourg, kupata hataza ya njia yake mwaka 1940 ndipo metali hiyo ilipoweza kutengenezwa kwa wingi.

Titaniamu ina uzito unaozidi kidogo nusu ya ule wa chuma, haishiki kutu kirahisi, na aloi zake zina nguvu kubwa. Aloi inayotumika zaidi ina alumini asilimia 6 na vanadiamu asilimia 4. Inatumika kwenye ndege na hata kwenye viungo bandia vya nyonga.

Kwa mkerezaji, hata hivyo, ni mtihani. Chuma cha kawaida husafirisha joto, hivyo sehemu kubwa ya joto huondoka na maranda. Aloi ya titaniamu husafirisha joto kidogo sana, kwa hiyo joto hubaki kwenye ncha ya kisu. Tena metali hiyo hunyumbuka, ikikwepa kisu na kurudi, na maranda yake membamba yanaweza kushika moto.

Ndiyo maana hata kwa visu vya kisasa vya kabaidi, aloi hiyo kwa kawaida haikatwi kwa kasi inayozidi mita 60 hivi kwa dakika, wakati chuma cha kawaida kinakatwa kwa kasi kubwa kuliko hiyo mara kadhaa. Masharti yake ni kasi ndogo, maranda yasiyo membamba mno, kisu chenye makali, maji mengi ya kupoozea, na kutokiacha kisu kisugue mahali pamoja bila kukata. Mengi ya masharti hayo Taylor aliyaona kwenye kanda za magurudumu ya treni.

Afrika Mashariki si mgeni wa madini hayo. Chuma cha Liganga, wilayani Ludewa, kimechanganyika na titaniamu na vanadiamu. Huko Kwale nchini Kenya, mgodi wa Base Titanium ulizalisha mchanga wenye titaniamu kuanzia mwishoni mwa mwaka 2013 hadi ulipofungwa Desemba 2024, na mchanga huo ulisafirishwa nje ya nchi. Sehemu kubwa ya madini ya aina hiyo duniani hutengenezewa rangi nyeupe, na kiasi kidogo tu ndicho kinachofika kuwa metali.

Thamani kubwa haiko kwenye kuchimba mchanga. Iko kwa anayejua kuugeuza kuwa metali, na zaidi kwa anayejua kuikata metali hiyo bila kumaliza visu vyake.

Funzo kwa mwenye mashine

Mkulima au mfanyabiashara mdogo hahitaji titaniamu ili kufaidika na maisha ya Taylor. Kinachohitajika ni daftari.

Anayemiliki mashine ya kukamua, kukoboa au kusaga aandike tarehe aliyofunga kifaa kipya, saa zilizofanyika kazi, na siku kilipokufa. Aandike pia siku ambazo mashine ilisimama na mapato yaliyopotea. Baada ya misimu miwili atajua kama kifaa cha bei rahisi ni rahisi kweli, na kama kuisukuma mashine wakati wa msimu kunaleta faida au kunamtajirisha muuza vipuri.

Anayepeleka kazi kwa fundi aulize kisu gani kinatumika na kama maji ya kupoozea yapo. Aende na kipimo cha kifaa cha zamani, na ikiwezekana awe na shafti ya akiba iliyokwisha kukerezwa kabla msimu haujaanza, wakati mafundi hawana msongamano.

Na mwenye kuajiri vibarua wa kuvuna zabibu au kupalilia mtama asome pia ukurasa ambao Taylor aliuruka. Kisu kilichoungua hununuliwa kingine. Kibarua aliyechoshwa msimu huu akaumia mgongo, msimu ujao hatakuja, na ujuzi wake wa kuchuma zabibu bila kuziponda hauuzwi duka lolote.